Kontena Litafutwa, Data Yako Je?

Haya jamani tusikilizane, leo naongea na wale mnaotaka kuendesha programu huria wenyewe nyumbani, yaani picha zikae Immich, mafaili Nextcloud, filamu Jellyfin, vyote kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kabla ya Docker, yaani chombo cha kuendesha programu ndani ya makontena, kutoka 2013 kazi hii ilikuwa inachosha kweli, programu moja inataka lugha ya PHP ya vesheni hii, nyingine inataka ile, ukirekebisha huku kule kunaharibika. Siku hizi kila programu inakuja na vitu vyake ndani ya kontena. Na kontena sio kompyuta ndani ya kompyuta, ni programu inayokimbia kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ileile ya Linux ila imetengewa eneo lake, ndo maana linawaka haraka hivyo.

Sasa ninachotaka mkishike ni hiki, kontena limetengenezwa lifutwe. Kila ukifanya apdeti la zamani linatupwa linaundwa jipya, na chochote kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo, isipokuwa kilichowekwa kwenye voliumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena. Fungua compose.yaml, faili linaloiambia Docker iwashe nini na vipi, uangalie mstari kama huu:

./data:/var/www/html

Kushoto kwa nukta mbili ni folda ya kompyuta yako, kulia ni ndani ya kontena. Ukikosea upande wa kulia hata herufi moja programu itawaka vizuri tu, utapakia picha, utafurahi, kumbe zinaingia ndani ya kontena lenyewe, lile litakalofutwa. Kwa hiyo kabla hujahamisha picha za miaka yote pakia moja tu, piga docker compose down, halafu docker compose up -d, ingia uone kama ipo. Ila msiongeze -v kwenye hiyo down, nawaomba sana, hiyo inafuta na voliumu ambazo Docker inazitunza yenyewe, hata kama folda kama ./data haiguswi!

Database nayo ina mambo yake. Usikopi folda ya Postgres, database inayotumiwa na programu nyingi za hivi, wakati inafanya kazi ukaiita bekapu, tumia amri yake ya bekapu, pg_dump. Na kwenye compose.yaml usiandike latest (yaani toleo jipya lolote), andika namba ya vesheni, maana data ya Postgres 15 haifunguki na 16 hivihivi, utakuta asubuhi database imegoma kuwaka.

Halafu poti, yaani mlango wa programu kwenye mtandao. Ukiandika 8080:80 Docker inafungua hiyo poti kwenye mtandao wote uliounganishwa nao, na hata kama umeifunga kwa ufw, ukuta wa ulinzi wa Linux, inapita pembeni, wengi hawalijui hili na mimi linaniuma kwa sababu humo ndani mna picha za watoto wa watu. Andika 127.0.0.1:8080:80 ifikike kwenye kompyuta hiyohiyo tu, kisha ukitaka kuingia kwa simu ukiwa mbali weka WireGuard, yaani njia ya siri (VPN) kati ya simu na kompyuta, na badala ya 127.0.0.1 andika anwani ya WireGuard ya kompyuta hiyo.

Haya fungueni tamino (terminal) zenu, tunaanza na Jellyfin, na kila mtu anionyeshe mstari wake wa voliumu kabla hajapiga up.