Nile Rodgers: Prodyuza Aliyetunga kwa Masikio

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mtunzi na prodyuza wa pop. Naona nusu ya ukumbi huu ni watu wa studio, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza prodyuza ni nani. Nitamchukua mtu mmoja tu, Nile Rodgers, aliyezaliwa New York mwaka 1952. Huenda jina lake hulijui, lakini nyimbo zake umezicheza arusini: "Le Freak", "We Are Family", "Upside Down", "Let's Dance", "Get Lucky". Kati ya ya kwanza na ya mwisho hapo kuna miaka 35. Ni wachache sana waliokaa juu muda wote huo, na wengi wanasema siri ni mkono wake wa kulia, ule unaokata nyuzi za gitaa bila kupumzika. Mkono ni kweli anao. Ila mimi nadai kwamba mtu huyu alitunga kwa masikio kwanza. Nyimbo zake nyingi kubwa zilitoka vinywani mwa watu wengine. Yeye alikuwa pale, akasikia, akaondoka nazo.

Tuanze na tusi. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1977, Rodgers na mwenzake Bernard Edwards, mpiga besi, walikwenda klabu ya Studio 54 kwa mwaliko wa mwimbaji Grace Jones. Majina yao hayakuwa kwenye orodha. Mlinzi wa mlangoni akawafukuza kwa neno ambalo sitalitamka mbele ya wazazi. Wakarudi nyumbani kwa Rodgers, mitaa michache kutoka hapo, na chupa za shampeni, wakaanza kupiga gitaa na besi kwa hasira huku wakiliimba lile neno la mlinzi kama kiitikio. Baadaye wakaliondoa, wakaweka "freak out". "Le Freak" ilishika namba moja Marekani mara tatu tofauti: inapanda, inashuka, inapanda tena. Mlinzi yule, kwa haki kabisa, angeweza kudai asilimia yake.

Bendi yao iliitwa Chic. Kabla ya hapo Rodgers alikuwa amepita shule ngumu: bendi ya ukumbi wa Apollo kule Harlem, ambako leo unampigia msanii huyu, kesho yule, na kosa linasikika na ukumbi mzima. Edwards ndiye aliyemshawishi aache gitaa lake la jazi, achukue gitaa la umeme aina ya Stratocaster. Alilipata Miami kwenye duka la kuweka rehani, na hilo ndilo amelipiga kwenye karibu kila wimbo mnaoujua. Pia walikuwa na kanuni yao: kila wimbo uwe na maana iliyofichika chini ya maneno mepesi. "Good Times" ya 1979 mtu anaidhania ni sherehe tupu. Ndani yake kuna maneno ya nyimbo za enzi za mdororo mkuu wa uchumi, zile za kujifariji wakati hakuna kazi, na ilitoka Marekani ikiwa kwenye shida ya mafuta na mfumuko wa bei.

Sasa "We Are Family". Baada ya "Le Freak", kampuni ya Atlantic iliwaambia wachague msanii yeyote mkubwa wamtengenezee albamu. Wakakataa. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara hasa: ukimpa staa wimbo ukavuma, watu watasema ni staa; mpe mtu asiyejulikana, ndipo watauliza nani kaupika. Rais wa kampuni, Jerry Greenberg, akawatajia kundi la akina dada wanne wa Philadelphia, Sister Sledge, akaanza kuwaeleza: wanapendana, wanakwenda pamoja kila mahali kama ndege wa aina moja. Yeye alikuwa anaongea tu, anawasifu wasanii wake. Wale wawili wakawa wanaandika. Sehemu kubwa ya mashairi ya wimbo ule ni maelezo ya bosi ofisini.

Nawauliza wenzangu wa studio: mara ya mwisho ulimsikiliza msanii akiongea, kabla ya kumwekea biti, ilikuwa lini? Kwetu msanii anaingia, biti tayari inalia, anaambiwa tafuta maneno. Zinatoka nyimbo nzuri hivyo, sikatai. Lakini hebu tumwangalie Diana Ross.

Mwaka 1980 kampuni ya rekodi ya Motown iliwaletea Rodgers na Edwards mwimbaji huyu aliyekuwa malkia tangu miaka ya 1960. Hawakushika ala. Walikaa naye siku kadhaa wakimhoji kama waandishi wa habari: maisha yake, anachokitaka, kinachomchosha. Alikuwa anataka kugeuza kila kitu juu chini. Basi, "Upside Down". Wimbo mwingine Rodgers aliuokota klabuni usiku, alipoingia msalani akakuta wanaume kadhaa waliojipamba wakafanana na Diana Ross. Akatoka kumpigia simu Edwards amwandikie jambo hilo. Ikawa "I'm Coming Out", yaani najitokeza, sijifichi tena. Wapenzi wa jinsia moja waliusikia wimbo wao, na Ross mwenyewe, aliyeondoka Motown muda mfupi baadaye, alikuwa na sababu zake za kuimba kwamba anajitokeza.

Lakini kumsikiliza msanii hakukumaanisha kwamba msanii ataipenda kazi. Ross aliingiwa na hofu kwamba albamu itamharibia jina, Motown nao hawakuridhika, mixi, yaani ule upangaji wa mwisho wa sauti na ala, ikafanywa upya bila watayarishaji wake. Sauti yake ikasogezwa mbele, muziki ukapunguzwa. Rodgers na Edwards walikasirika sana. Albamu ikatoka hivyo, na "Upside Down" ikashika namba moja wiki nne.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mwaka 1979 ulitokea mkasa wenye pande mbili. Julai 12, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio aliwakusanya watu waje walipue sahani za disko. Zikalipuliwa, umati ukavamia uwanja, mechi ya pili ya siku hiyo haikuchezwa. Kulikuwa na muziki uliochokwa pale, na kulikuwa na chuki dhidi ya watu weusi na wapenzi wa jinsia moja waliouzaa muziki huo; sioni namna ya kuitenganisha. "Good Times" ilifika namba moja mwezi uliofuata. Baada ya hapo Chic haikupata tena wimbo mkubwa Marekani.

Upande wa pili ni mwishoni mwa mwaka uleule. Rodgers yuko klabuni, anasikia besi ya Edwards ya "Good Times" inapigwa na juu yake vijana wanaghani. "Rapper's Delight", ya Sugarhill Gang. Safari hii yeye ndiye aliyechukuliwa maneno kinywani. Wakatishia kwenda mahakamani, yakaisha kwa makubaliano: Rodgers na Edwards wakaandikwa kuwa watunzi. Wadogo zangu mnaomalizana na wasanii kwa mdomo, mnapeana mikono na soda, tazameni karatasi ile. Bendi ikizimika, jina la mtunzi linaendelea kula mirabaha. Na mwaka 1997 "I'm Coming Out" ikaingia kwenye wimbo wa rapa Notorious B.I.G., ikaanza kulipa upya.

Alipokutana na mwimbaji wa Uingereza David Bowie mwaka 1982, jina la disko lilikuwa mzigo. Bowie alimchezea "Let's Dance" kwa gitaa la akustiki, na Rodgers akaona ni wimbo wa kukaa na kusikiliza, hauna dansi ndani yake. Kisha Bowie akamwonyesha picha ya Little Richard, suti nyekundu, anaingia kwenye gari jekundu, akasema albamu isikike namna ile. Prodyuza mwingine angecheka. Rodgers alielewa: kitu cha zamani kinachoonekana kipya. Akaubadilisha wimbo, wakarekodi albamu nzima kwa siku 17. Bowie hakugusa ala hata moja, aliimba tu. Ikawa albamu yake iliyouza kuliko zote.

Ya Madonna, mwaka 1984, nitayapitia haraka: "Like a Virgin" haikumvutia Rodgers mwanzoni, hakuitunga yeye, ila baada ya siku chache akajikuta bado anaiimba kichwani, akakubali. Hayo nayo ni masikio.

Edwards alifariki Tokyo mwaka 1996, muda mfupi baada ya kupiga pamoja ukumbi wa Budokan. Mwaka 2010 Rodgers mwenyewe akaambiwa ana saratani kali ya tezi dume. Akaendelea kupiga. Daft Punk, wale wawili wa Ufaransa, walipomletea "Get Lucky", aliwaomba waondoe kila kitu kwenye wimbo, wamwachie ngoma tu, ndipo akatafuta gitaa lake. Alipomaliza, besi ikapigwa upya ili ilifuate gitaa. Januari 2014 ikatwaa tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka.

Nimeleta spika. Ile mixi ya Diana Ross iliyokataliwa ilitolewa hatimaye mwaka 2003. Tutasikiliza "Upside Down" ya Motown, halafu ya Rodgers na Edwards, kwa sauti ileile. Sikilizeni besi iko wapi na mwimbaji yuko wapi. Mimi nina upande wangu, ila nitausema baada ya ninyi kubishana. Naomba taa ya nyuma ipunguzwe, halafu kijana wa mitambo, anza na ya Motown.