Umeinstoli wsk, sasa hakikisha inafanya kazi kweli

Asanteni kwa kunipa nafasi, naomba leo tusiende mbio, maana hili jambo wengi tunaliruka, tunataka kufika chapchap kwenye kuandika fankisheni, halafu tunakaa usiku kucha tunahangaika na eror ambayo haihusiani kabisa na kodi yetu ya programu.

Nimechukua wsk, ile tuli ya terminali ya Apache OpenWhisk, jukwaa la sevalesi, yaani wewe unaandika fankisheni tu na jukwaa linaziendesha kwenye seva zake. OpenWhisk ilianzia IBM, wakaitangaza mwaka 2016, sasa iko chini ya Apache na mtu yeyote anaweza kuiendesha kwenye mashine zake. Kama wewe unatumia AWS Lambda au jukwaa lingine la sevalesi usiondoke, amri zinabadilika ila maswali ni yaleyale: hili faili nililodaunlodi ndilo lenyewe? Shell, ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali, inaliona? Na seva inanijibu? Ni maswali matatu tofauti, jibu la moja halikupi la jingine, na hapa ndipo watu wanapopotea, mtu anaona namba ya vesheni imetoka anasema tayari. Bado, ndugu yangu.

Tuanze na faili. wsk imeandikwa kwa Go kwa hiyo ni faili moja tu, haidai Python wala Node, cha kuangalia ni prosesa yako. Andika `uname -m`. Ikitoka x86_64 chukua ya amd64, ikitoka aarch64 au arm64 chukua ya arm64. Ukichukua isiyo yako, Linux itakutupia "exec format error" na utadhani faili limeharibika, kumbe zima kabisa ila si la mashine yako.

Ukishadaunlodi, piga `sha512sum` kwenye faili, kwenye Mac ni `shasum -a 512`, itatoa checksum, yaani mstari mrefu wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ulinganishe na ile iliyotolewa na wenye programu. Linganisha yote jamani, sio herufi nne za mwanzo kwa macho. Na ujue kabisa checksum inakwambia nini: inakwambia faili limefika kama lilivyotoka. Kama kuna mtu ameingia kule lilikotoka akabadilisha faili na checksum vyote viwili, haitakusaidia, hapo inatakiwa saini ya kidijitali, inayokaguliwa kwa tuli ya gpg. Mfano mzuri ni AWS CLI, wao wanakupa na faili la .sig pembeni, unapiga `gpg --verify awscliv2.sig awscliv2.zip`. Ukiona "Good signature" halafu chini yake onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa, usiogope, gpg inasema tu kwamba wewe hujaiambia huyo mwenye ufunguo unamwamini, sasa kazi yako ni kuchukua fingerprint iliyotoka, yaani ile alama fupi inayoutambulisha ufunguo, na kuilinganisha na iliyoandikwa kwenye dokumenti zao. Hii hatua ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi naona ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu hii tuli itakuja kushika funguo za mradi wako mzima.

Kuhusu ile mistari ya curl inayoingia moja kwa moja kwenye sudo sh, yaani skripti inadaunlodiwa na kuendeshwa papo hapo kwa mamlaka ya admin, ushauri wangu ni mmoja: daunlodi skripti kwanza, isome, ndio uiendeshe.

Swali la pili ni fupi. `chmod +x wsk`, kisha `sudo mv wsk /usr/local/bin/`, kisha `type -a wsk`. Ikitoka mistari miwili ujue una wsk mbili na inayotumika ni ya juu, na hapo mtu anaapgredi kila siku na vesheni haibadiliki. Kama uliihamisha sasa hivi na bash bado inatafuta ile ya zamani, piga `hash -r`.

Sasa seva. Unaiambia iko wapi na wewe ni nani: `wsk property set --apihost` na anwani, halafu `--auth` na ufunguo. Ufunguo una sehemu mbili zilizotenganishwa na nukta mbili, na ukikopi kwa kubofya mara mbili mara nyingi unabeba nusu moja tu, ukikataliwa anza kuangalia hapo. Vyote vinakaa kwenye faili la `.wskprops` kwenye folda yako ya nyumbani, kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka, kwa hiyo lisiingie kwenye Git. Na `wsk property get` inauonyesha ufunguo, usipige skrinishoti ukarusha kwenye grupu kuomba msaada.

Halafu mtihani wenyewe:

`wsk action invoke /whisk.system/utils/echo -p message habari --result`

Ikirudisha ile "habari" yako ndani ya JSON, maana yake ombi limetoka, ufunguo umekubaliwa, fankisheni imeendeshwa kule na jibu limerudi. Hiyo namba ya vesheni haiwezi kukwambia hata kimoja kati ya hivyo.

Ikilalamika x509, hiyo ni eror ya cheti cha usalama cha seva, na mara nyingi seva inatumia cheti ilichojisainia yenyewe. Ukiongeza `-i` itapita, na kwenye klasta yako ya majaribio sawa, ila kwenye kazi halisi usithubutu, weka cheti cha kweli. Ikikaa kimya, piga curl kwenye anwani hiyohiyo ukiongeza `/api/v1`: curl ikijibiwa mtandao uko sawa, rudi kwenye ufunguo na seting za wsk, isipojibiwa mara nyingi tatizo ni anwani au faya-wolu, na hapo kuinstoli upya ni kupoteza muda.

Haya, fungueni terminali tuanze, aliyekwama kwenye ufunguo anyooshe mkono nije hapo alipo, tutaangalia kwenye skrini yake, sio kwenye projekta.