Vitamini E Ipi? Vifaranga, Panya na Kolesteroli

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka, hii hapa chupa ya mama. Kasikia vitamini E imeshusha kolesteroli kwa wanyama, sasa ananiuliza kama aache statini, dawa yake ya kushusha kolesteroli.

BARAKA: Asiache! Hebu nisomee lebo, sehemu ya viambato.

ZUHURA: "D-alfa-tokoferoli." Basi, hakuna kingine.

BARAKA: Sasa ona, dada. Vitamini E ni jina la ukoo. Wamo ndugu wanane: tokoferoli nne na tokotrienoli nne. Kichwa cha molekuli zao kinafanana. Mkia ndio unaowatenganisha, maana wa tokotrienoli una bondi maradufu tatu. Na habari ya kolesteroli ilianza na hao wa mkia huo.

ZUHURA: Ilianzaje?

BARAKA: Kwa vifaranga. Watafiti wa Marekani, akina Qureshi na Elson, walitaka kujua ni nini ndani ya shayiri kinachozuia ini kutengeneza kolesteroli. Wakachuja na kuchuja, na mwaka 1986 wakatangaza: ni alfa-tokotrienoli. Vifaranga walioipata chakulani walishuka LDL, ile kolesteroli mbaya.

ZUHURA: Kwa njia ile ile ya statini?

BARAKA: Kimeng'enya kinacholengwa ni kile kile, HMG-CoA riduktasi, ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, ila namna ni nyingine. Statini hukiziba kisifanye kazi. Tokotrienoli, hasa aina za gama na delta, huifanya seli ikivunje upesi. Mimi hapo ndipo huwa nasisimka! Halafu mwaka 1996, kwa kuku tena, ikaonekana kwamba ukichanganya na alfa-tokoferoli nyingi, nguvu ile hupungua.

ZUHURA: Yaani hii ya mama...

BARAKA: Ndiyo ile inayopunguza.

ZUHURA: Mh! Na panya je? Maana tafiti nyingi ni za panya.

BARAKA: Panya anahitaji uangalifu. Kolesteroli yake nyingi husafiri kwenye HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, na hana CETP, protini ambayo kwetu huihamishia kolesteroli kwenye LDL. Mara nyingi ili ipande, watafiti humchanganyia kolesteroli na asidi ya nyongo chakulani. Hamsta anatukaribia zaidi, CETP anayo. Kwa hiyo nikisoma utafiti wa aina hii, kwanza naangalia ni mnyama gani na alilishwa nini.

ZUHURA: Na kwa binadamu?

BARAKA: Tokotrienoli zimeleta majibu yanayogongana: kuna majaribio yaliyoona kushuka, mengine hayakuona kitu. Alfa-tokoferoli ilipimwa kwenye jaribio la HOPE, majibu yakatoka mwaka 2000. Watu zaidi ya 9,000, IU 400 (vipimo vya kimataifa) kila siku kwa miaka kama minne na nusu. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua.

ZUHURA: Chupa hii nayo imeandikwa 400.

BARAKA: Mpigie mama leo. Statini aendelee nayo, na chupa hiyo aende nayo kwa daktari wake.