Siku Kumi za Sindano, Siku Tatu za Fomu

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo ni zamu ya wanaofuata nguo Bangkok, na ndugu zetu wa Arusha wanaopeleka vito Chanthaburi, mji wa vito huko huko Thailand. Sadiki, simu yangu imejaa maswali ya ile fomu ya Thailand.

SADIKI: Na nusu yao wanaiita viza ya mtandaoni. Si viza hata kidogo! Ni kadi ya kuingilia nchini, TDAC. Ilianza tarehe 1 Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile karatasi ya TM6 tuliyokuwa tunajaza huku tunaazimana kalamu ndani ya ndege. Viza unaiomba kivyake, mapema.

ZUHURA: Na bei yake?

SADIKI: Bure. Ukiona ukurasa unakudai dola, funga utoke. Wa serikali ni tdac.immigration.go.th. Angalia mwisho wake, go.th, hapo ndipo matapeli wanaposhindwa kuigiza.

ZUHURA: Ila kuna mawakala hapa mjini wanajazia watu, na wanatoza.

SADIKI: Kumlipa mtu akujazie si dhambi. Ila kaa pembeni yake na pasipoti mkononi, kwa sababu yeye anaandika jina unalomtajia. Mtaani unaitwa Asha Juma, basi anaandika Asha Juma. Kumbe kwenye pasipoti kuna na jina la babu, na hilo ndilo limewekwa kama la ukoo.

ZUHURA: Hilo la majina matatu linatutesa sana.

SADIKI: Fungua ukurasa wa picha, shuka chini kabisa. Kuna mistari miwili yenye vimishale vingi. Ule wa juu unaanza na P, halafu TZA, halafu jina la ukoo. Ukikuta vimishale viwili vimefuatana, la ukoo limeishia hapo. Yanayofuata ni majina yako mengine. Mashine inasoma hapo, na wewe nakili hapo hapo. Sifuri na herufi O kwenye namba ya pasipoti nazo zitazame kwa makini. Jina au namba vikikosewa hurekebishi, unajaza fomu mpya.

ZUHURA: Mimi kwa kweli fomu hainitishi. Kinachoniogopesha ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano.

SADIKI: Ehe, sema.

ZUHURA: Thailand inaihesabu Tanzania kati ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo kadi lazima uionyeshe. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo pia zimo. Sasa mtu anachoma sindano leo, keshokutwa anapanda ndege. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano! Fomu unaweza kuijaza ukiwa umekaa uwanja wa ndege. Siku kumi huzipati popote.

SADIKI: Na waliochoma zamani, kadi imeandikwa miaka kumi?

ZUHURA: Inatumika mpaka mwisho wa maisha. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha tangu tarehe 11 Julai 2016, na kadi za nyuma zimo. Usikubali kuchomwa upya kisa tarehe ya zamani. Ila iangalie kadi yenyewe: namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mhudumu, muhuri, na pale pa sahihi yako wewe. Wengi wanapaacha wazi. Na wale wa kununua kadi bila kuchomwa, sina cha kuwaambia. Mbu haangalii muhuri.

SADIKI: Ha! Haya, ukitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya pasipoti. Anza kwa watu wa afya, waione kadi, ndipo uende uhamiaji. Wageni wanapanga foleni ndefu, wanafika mbele wanarudishwa nyuma.

ZUHURA: Na fomu inajazwa lini?

SADIKI: Ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Unatua Ijumaa, jaza Jumatano umetulia. Tarehe ni ya kutua Thailand, si ya kuondoka Dar. Ndege ya usiku inafika kesho yake, na wenzetu wako mbele kwa saa nne. Namba ya ndege ni ile inayotua Bangkok; ile iliyokutoa Dar mpaka Addis au Doha iache. Wanauliza pia nchi ulizokaa wiki mbili zilizopita. Sema ukweli, pasipoti ina mihuri.

ZUHURA: Kuna wa Arusha anauliza: analala Bangkok, halafu anakwenda Chanthaburi kwenye soko la vito la mwisho wa wiki. Aandike anwani ipi?

SADIKI: Mimi ningeandika hoteli ya kwanza, ile ambayo risiti yake anayo mkononi.

ZUHURA: Akivuka kwenda Laos kisha akarudi?

SADIKI: Anajaza nyingine. Kila kuingia na fomu yake, hata kwa basi.

ZUHURA: Na ule msimbo wa QR unaoupata ukishajaza fomu, kwenye simu unatosha?

SADIKI: Unatosha, kama simu ina chaji. Mimi nachapisha, naukunja ndani ya kadi ya njano.

ZUHURA: Nitumie ile anwani ya serikali niiweke kwenye maelezo ya kipindi, kabla mtu hajaitafuta mwenyewe akaangukia kwa matapeli.