Kurudishiwa VAT Ukitoka Dubai: Begi Lisikabidhiwe Kwanza!

Assalamu aleikum, hamjambo, karibuni tena dukani. Leo sikuja kuwaonyesha masanduku, ingawa yale ya magurudumu manne yameshaingia na ya zambarau yamebaki mawili tu, mwenye kutaka asije akalia. Leo nataka tuongee kuhusu pesa zenu mnazoziacha Dubai. Watu wa Mombasa tunaenda kule kununua dhahabu za harusi, simu, udi, vyombo, tunatetea dirham mbili kwa muuzaji mpaka jasho linatutoka, halafu VAT yetu, ile kodi ya ongezeko la thamani iliyomo ndani ya bei, tunawaachia uwanja wa ndege. Kwa nini?

Kijana, shusha kamera. Shusha. Watu wanataka kuona risiti, si mtandio wangu. Haya, hapo hapo.

Kwanza mjue mnadai nini. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2018. Novemba mwaka huohuo wakaanza kuwarudishia watalii wanaotoka na mzigo wao. Kazi hiyo inafanywa na kampuni inaitwa Planet, na jina hilo mtalikuta uwanja wa ndege, kwa hivyo lishikeni. Bei unayoiona dukani kule ina kodi ndani tayari. Ukitaka kujua kodi ni ngapi, chukua bei, gawanya kwa 21. Usizidishe kwa asilimia 5, utapata jibu kubwa kuliko haki yako kisha uje unigombeze mimi. Kitu cha dirham 1,050, gawanya kwa 21, kodi ni 50.

Na hiyo 50 huipati yote. Unapata asilimia 85 yake, halafu wanakata dirham 4 na fils 80 kwa kila ankara. 50 inakuwa 42.50, toa 4.80, mkononi 37.70. Mtu atasema, "Kwani hizo ni pesa?" Dirham moja ni kama shilingi 35 za kwetu, piga mwenyewe. Nauli ya tuktuk kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka nyumbani huna?

Nani anaruhusiwa. Mgeni mwenye pasipoti, amefika miaka 18, si mkaazi wa kule, na si mfanyakazi wa ndege anayoondokea. Basi. Mdogo wako aliyepata kazi Sharjah akapewa kitambulisho cha ukaazi, huyo si mgeni tena, hapati. Kwa hivyo usimpe yeye pesa akakununulie kwa jina lake, kwa sababu ankara ikitoka kwa jina la mkaazi, imekwisha hiyo. Nenda mwenyewe na pasipoti yako.

Sasa dukani. Kabla hujachagua, kabla hujaanza kupatana bei, tazama mlangoni au kwenye kaunta kama kuna kibandiko cha Tax Free. Si maduka yote yamo. Vile vichochoro vya Deira, mtaa wa masoko wa Dubai tunaoupenda, maduka mengi hayamo, na muuzaji atakwambia, "Mama, mimi nakupunguzia hapa hapa." Sawa, pengine bei yake ni nzuri kweli, lakini hiyo ni hesabu nyingine. Duka likiwa limo, mwambie keshia mapema kwamba wewe ni mtalii na unataka ankara ya kurudishiwa kodi. Anachukua pasipoti, anaingiza kwenye mfumo, umemaliza. Hapo hapana ufundi. Ufundi ni kukumbuka kusema kabla ya kulipa, maana ukishatoka na foleni imejaa nyuma yako, kumrudia keshia kumwambia aanze upya ni mtihani.

Manunuzi yafike dirham 250. Na hapa ndipo ninapopapenda mimi, sikilizeni. Zile 4.80 zinakatwa kwa kila ankara. Sasa wewe uko duka moja, umechukua kitu cha 250, ukalipa. Umezunguka, umeona kingine cha 250, ukalipa. Mara tano hivyo. Kila ankara kodi yake ni 11.90, asilimia 85 ni 10 na kitu, toa 4.80, unabaki na dirham tano na senti. Mara tano, 26. Lakini ungeweka vyote kwenye kikapu ukalipa mara moja, 1,250, unapata 45 na ushei. Mali ni ileile, mfuko ni uleule, umetupa dirham 19 kwa kukosa subira. Kusanya, halafu lipa.

Haya, sasa nawaonyesha ankara yenyewe, hii hapa ni ya... we, zima feni! Zima feni, karatasi zinaruka! Iko wapi ile ya dhahabu? Chini ya meza. Hapana, hiyo ni risiti ya mahamri.

Sawa. Tunarudi. Bila feni, kwa hivyo mkiniona nang'ara usoni si vipodozi, ni Mombasa.

Leta kamera karibu. Hapa juu imeandikwa Tax Invoice. Chini yake kuna nambari ndefu imeanza na 100, hiyo ni nambari ya kodi ya duka, tarakimu 15. Isipokuwepo hiyo, duka hilo halijakutoza VAT kihalali, na huna cha kurudishiwa. Kisha hapa, jina la kitu, bei, na VAT imetengwa peke yake. Siku hizi mambo mengi ni ya mtandao, taarifa zinaingia kwenye mfumo kwa pasipoti yako, lakini mimi karatasi siiachi. Na oneni hii nyingine ya zamani kidogo. Mnaona chochote? Hamwoni, imefutika yote. Karatasi hizi zinaandikwa kwa joto, na joto hilohilo ndilo linalozifuta. Ukiiweka kwenye dashibodi ya gari au mfuko wa suruali, inabaki nyeupe. Piga picha hapo hapo dukani, kisha iweke kwenye pochi ya zipu. Pochi ninazo, ndiyo, mlijua nitasema.

Dhahabu. Dada zangu, mkufu, bangili, seti ya bi harusi ya karati 22 au 21, hiyo ina VAT, kwa hivyo unadai. Seti ya dirham 5,250 ina kodi 250, unarudi na 207.70. Shilingi elfu saba na zaidi hizo. Lakini kile kipande cha dhahabu cha kuweka akiba, chenye usafi wa asilimia 99 kupanda juu, hicho hakitozwi kodi tangu mwanzo, asilimia sufuri. Usiende kusimama foleni na kipande cha dhahabu ukidai kodi ambayo hukulipa.

Na udi na marashi! Hapa kuna tabia yetu. Mtu amenunua chupa nzuri ya mafuta ya udi, amefika hotelini, hawezi kulala bila kuifungua. Anajipaka, anampaka na mwenzake. Kitu kilichotumika, hata kidogo tu, hakirudishiwi kodi. Ndivyo kanuni ilivyo. Kama huwezi kuvumilia, nunua kichupa kidogo cha kujipaka, kile kikubwa kiache na karatasi yake. Vyakula ulivyokula kule, hoteli, teksi, safari ya jangwani, vyote hivyo sahau.

Wafanyabiashara, msinikimbie, hili lenu. Mzigo unaokwenda kwa kago hauingii. Narudia kwa sababu mtaniuliza: ukinunua Deira, ukapeleka kwa wakala wa kago, uje kwa meli au kwa ndege ya mizigo, hurudishiwi kwa njia hii. Ni mzigo unaosafiri nawe tu. Kwa hivyo panga: vitu vizito vya bei ndogo peleka kago, vitu vyepesi vya bei kubwa, simu, dhahabu, saa, beba mwenyewe. Na utoke navyo ndani ya siku 90 tangu ununue.

Sasa uwanja wa ndege. Kijana, leta ile katoni. Hii katoni ya pasi ndiyo mashine yetu ya Planet, kwa sababu mimi siwezi kwenda Dubai kila nikitaka kurekodi. Na hili sanduku hapa ni wewe, umefika, umechoka, miguu imevimba, una kilo 30 na mawazo yako yote ni kilo. Unaona kaunta ya ndege, foleni fupi, moyo unakwambia, "Kabidhi begi kwanza nipumue."

USIKABIDHI.

Usikabidhi begi. Begi likishapita kwenye ule mkanda, likishaingia ndani, haliangaliki tena. Ukienda kwa Planet ukiambiwa "tuonyeshe bidhaa", utaonyesha nini? Stika ya begi? Msiniulize nimejuaje. Kwanza Planet, halafu kaunta ya ndege. Andika kwenye kiganja kama ni lazima.

Unaifikia mashine, iko upande wa nje, kabla ya kukabidhi mizigo. Unaweka pasipoti hivi, kifuniko chini, tulia usiitikise. Inakuletea orodha ya ankara zako. Hakikisha zote zipo, ndio maana nikasema karatasi uzibebe. Unachagua unavyotaka kulipwa. Mashine inaweza kukupitisha papo hapo. Au inakwambia nenda pale kaunta kwa ofisa. Ikisema hivyo usiogope, hukufanya kosa, wanataka kuona mzigo tu. Na hapo ndipo...

Nani anapiga honi hivyo? Kijana, mwambie hapo si stendi. Asante.

...hapo ndipo mpangilio wa sanduku unapofanya kazi. Tazameni. Nguo na zawadi za watoto chini. Vitu vya ankara juu kabisa, pamoja, ndani ya boksi zao. Zipu ifunguke mara moja, ofisa aone, ufunge. Nimewaona watu wamepiga magoti katikati ya ukumbi, kanga zimetandazwa sakafuni, wanatafuta simu moja iliyofungwa ndani ya taulo. Ile simu ingekuwa juu, dakika moja.

Na ile nailoni. Mnajua sisi, sanduku bila kuzungushiwa nailoni hatulali. Nailoni baadaye! Ukishafunga nailoni kisha ofisa aseme fungua, utaikata, utalipia tena. Planet, halafu nailoni, halafu kukabidhi begi. Na uzito upime hotelini usiku wake, na mizani kama hii, unaining'iniza hivi kwenye mkono wa sanduku, unainua... hili lina kilo... mbona inaandika sufuri? Ah, betri. Betri hazimo, zinakuja kando. Ninazo pia.

Dhahabu kamwe usiiweke kwenye begi la kukabidhi, VAT au hakuna VAT. Ibaki mkononi mwako, na uwe nayo kwenye mkoba ukienda kwa Planet.

Wakishakupitisha, una muda wa saa sita kuondoka nchini. Sasa usithibitishe asubuhi na ndege yako ni ya usiku ukarudi mjini kula biriani. Itakubidi uanze upya. Lakini usifike dakika za mwisho vilevile, maana foleni ya Planet na foleni ya kaunta ya ndege hazijuani. Mimi napenda kufika masaa manne kabla ya ndege kupaa. Mume wangu anasema ni uoga. Sawa, ni uoga, na nina dirham zangu.

Malipo. Kuna kadi na kuna taslimu. Taslimu unapewa dirham pale pale, nzuri kwa mwenye haraka, lakini ina kikomo kwa siku, kwa hivyo mwenye dhahabu nyingi achague kadi. Ukichagua kadi, isome nambari mara mbili na hakikisha haimalizi muda mwezi huu. Pesa za kadi haziingii siku hiyohiyo.

Nimeona maswali yenu ya video iliyopita, nayajibu haraka kabla jua halijaingia hapa mlangoni. Shangazi yake mtu yuko London, anauliza huko je? Uingereza walisimamisha mpango huu tangu 1 Januari 2021, ukitembelea maduka ya London ukabeba mwenyewe, hurudishiwi. Marekani hakuna VAT ya taifa, kodi ya mauzo ni ya jimbo kwa jimbo, na forodha yao haina kaunta ya kukurudishia. Afrika Kusini wanarudisha, kodi yao asilimia 15, ankara izidi randi 250, na kule nako forodha wanataka kuona mzigo kabla ya kukabidhi. Mnaona? Kule nako.

Na wewe uliyeuliza kama mzungu akinunua kinyago Mji wa Kale atarudishiwa asilimia 16 yetu pale Moi: hapana, kaunta hiyo kwetu haipo.

Jambo la mwisho, ukitua Mombasa zile risiti usizitupe. Ofisa wa forodha akiuliza thamani ya kitu, karatasi inajibu vizuri kuliko mdomo. Kurudishiwa VAT ya Dubai hakukufutii ushuru wa hapa, hizo ni hesabu mbili.

Kijana, bado unarekodi? Basi waonyeshe yale masanduku ya zambarau.