"Bustani" Ni Mizani Ngapi?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia kusoma mashairi kwa sauti nyumbani, na Juma amekuja na yale mambo yake matatu ya kupanda mboga kwenye viroba. Lakini kwanza niwape ya Jumamosi.

JUMA: Mama bado yupo?

MWANAIDI: Yupo, haondoki hadi mwezi uandame. Basi jioni namwagilia, yeye kakaa jamvini anachambua matembele. Akaniambia, "Mwanangu, mbona kimya? Nisomee kitu." Nikamghania ubeti niliotunga asubuhi ile nikipalilia:

Mchicha na matembele
nimetia maji tele
kuku asipite mbele
bustani yapendeza.

JUMA: Rudia mstari wa mwisho.

MWANAIDI: Bustani yapendeza.

JUMA: Dada, huo una mizani saba, yaani silabi saba, na mitatu ya juu ina nane nane. Bu-sta-ni, tatu. Ya-pe-nde-za, nne.

MWANAIDI: Nane! Bu-s-ta-ni.

JUMA: "S" peke yake umeipa mizani nzima?

MWANAIDI: Mbona kwenye "mchicha" hukulalamika? M-chi-cha. Hiyo "m" nayo iko peke yake.

JUMA: "M" inaimbika. Nafunga midomo, naivuta: mmm-chicha. "S" nitaivuta vipi? Inatoka kama upepo wa tairi.

MWANAIDI: Haya, twende kwa wakubwa. Mshairi Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, anamuusia bintiye Mwana Hashima kwa utenzi. Anaanza: "Negema wangu binti." Hesabu.

JUMA: Ne-ge-ma-wa-ngu, tano. Bi-n-ti... nane.

MWANAIDI: Ehee! Ukisema bi-nti, mstari wa kwanza kabisa wa utenzi umepelea.

JUMA: Lakini hiyo ni "n", inapita puani. Umenipa mfano unaonisaidia mimi.

MWANAIDI: Mizani ni muda, Juma. Ulimi ukifika kwenye "s" ya bustani unatua kidogo. Mama hakuhesabu kwa vidole. Aliupokea ubeti, akaughani kwa ile sauti yao ya zamani, ukatosha.

JUMA: Ukatosha kwa sababu Mama aliivuta "ni". Bustaniii yapendeza. Pengo kalijaza yeye. Nenda kamsikilize tena.

MWANAIDI: Nilikuwa nimekaa naye jamvi moja!

JUMA: Tumia mboga zisizo na ubishi. Kisamvu na bilinganya: nane. Bamia, nyanya, figiri: nane.

MWANAIDI: Loo! Rudia hiyo.

JUMA: Bamia, nyanya, figiri.

MWANAIDI: Tamu mdomoni! Ngoja... Mnavu, mlenda, hoho. M-na-vu, m-le-nda, ho-ho. Nane!

JUMA: Safi sana. Na "m" zako mbili nazikubali bila kinyongo.

MWANAIDI: Unajua, hiki ndicho ninachokipenda. Mnavu naula tangu utotoni na sikuwahi kuusikia. Ukiusoma kimya macho yanapita tu. Ukiutamka ndipo unajua una mlango wake wa kuingilia, ile "m". Tenzi zilikaa vifuani mwa watu hivyo hivyo, mtu anasikia, anarudia, na mkono uko kazini.

JUMA: Hapo tuko pamoja. Na kwa kuwa sikio ndilo hakimu, sikio langu linasema saba.

MWANAIDI: Sikio lako limezoea daftari. Shuleni mlifundishwa kukata silabi kwa penseli.

JUMA: Sivyo. Mimi babu yangu alighani kila Alhamisi, na asingekubali "s" isimame peke yake.

MWANAIDI: Basi babu na Mama wangekesha.

JUMA: Wangekesha. Wewe badilisha tu mstari. "Shamba langu lapendeza." Nane, kweupe.

MWANAIDI: Sina shamba! Nina viroba kumi na viwili na ndoo iliyotoboka. Ile ni bustani, na nitaiita bustani.

JUMA: Tumebakiza dakika mbili, na yale matatu yangu sijagusa hata moja.

MWANAIDI: Toa moja.

JUMA: Mbegu za mchicha ni ndogo mno, usizifukie chini sana. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu, funika na udongo kiduchu. Wiki tatu, nne, unachuma. Samadi iwe imeoza vizuri, kwa sababu ile mbichi...

MWANAIDI: Juma, samahani, Mama anaita. Maji yametoka, na hapa kwetu ni leo tu hadi Ijumaa.

JUMA: Nenda, nenda. Jaza na ndoo.

MWANAIDI: Iliyotoboka?

JUMA: Hiyo iwahishe bustanini. Mizani nne.

MWANAIDI: Tano!