Mtoto Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Walimu wa madarasa ya awali, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana na maafisa ustawi wa jamii mliofika hapa Mafinga na baridi hii, kamwene.

Nianze na mtoto wa miaka minne niliyemkuta katika kituo kimoja cha mkoa huu, ambaye kila siku baada ya chai alificha kipande cha kiazi mfukoni mwa sweta, na upepo ukigongesha bati la paa alikauka pale pale, mabega juu, hadi mwalimu amguse. Kituoni walimsifu kuwa hakuna mwenye adabu kama yeye. Mimi nasema ile haikuwa adabu, alikuwa akijilinda.

Mwili wa mtoto aliyetishwa hutoa homoni za msongo, ikiwemo kotisoli, ambazo kwa muda mfupi humsaidia. Lakini hofu inaporudi kila siku na hakuna mtu mzima wa kumtuliza, ubongo ambao bado unajengeka huzoea kukaa macho wakati wote, na nguvu ambayo ingetumika kucheza, kusema na kupata marafiki huishia katika kuchungulia hatari. Kwa kuwa hana maneno ya kusimulia, kiwewe chake, yaani jeraha la hofu lililobaki ndani yake, hutokea mwilini: aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza upya, msemaji hunyamaza, mwingine huuma wenzake. Na kikojozi tunamfanyaje? Tunamchapa, au tunamwimbia mbele ya wenzake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18.

Huku kwetu, ambako UKIMWI umeacha watoto wengi mikononi mwa bibi zao, lipo jeraha jingine lisilo na alama ya fimbo. Mama amezikwa, mtoto anaambiwa amesafiri, kisha anahamishwa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa bibi, na kote huko anaendelea kumsubiri.

Mjini Bucharest, nchini Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika makao ya watoto, nusu yao wakapelekwa kwa kura katika familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliojenga vizuri zaidi uhusiano wa karibu na walezi wao. Makao yalikuwa na chakula na vitanda. Kilichokosekana ni mtu yule yule, kesho na keshokutwa.

Mwalimu wa yule mtoto hakumnyang'anya kiazi. Alimwonyesha kikapu ambacho hakikuachwa kitupu, na kila asubuhi akawa yeye mwenyewe wa kumpokea mlangoni. Ilichukua muhula mzima. Niliporudi, mtoto alikuwa akigombania mpira kwa makelele, na mwalimu akanilalamikia kuwa siku hizi amekuwa mtundu.